Nakwenda Kusoma

Siret, 29 Septemba 2014

Dada Leontina,

Hujambo, dada, na hao wa huko Cluj hawajambo? Corina, mumewe, wajukuu zako? Mwambie Corina mama yake wa ubatizo anamsalimu. Mimi mzima. Goti ni lilelile, ila mwaka huu limeanza kulalamika kabla hata ya baridi.

Wiki iliyopita pilipili hoho zilishuka bei sokoni, nikachukua gunia zima. Nimezichoma uani siku mbili, nywele zangu mpaka leo zinanuka moshi. Nimezisaga na biringanya, nimepika, nimejaza chupa. Stoo haina pa kukanyaga. Atakayekula zote hizo simjui, lakini mkono umezoea kipimo cha zamani.

Kitabu kimefika salama, kile cha mwanamke anayetunza mnara wa taa. Yule binti wa posta aliniambia, "Mama Zamfira, vitabu tena kutoka kwa rafiki yako? Wenzako hutumiwa soseji." Nimefika katikati. Ni kizuri, kinakwenda polepole kama mimi. Lakini nakuomba, dada, acha hiyo tabia ya kuanzia mwisho halafu kuandika kwa penseli pembeni. Ukurasa wa nne tu nakutana na mwandiko wako: "Huyu nahodha ndiye baba mtoto." Mungu anakuona.

Nyumba yako niliipitia jana. Nimefungua madirisha, nimefagia majani ya mti wa mjozi pale mlangoni. Panya hamna.

Jingine: Toader amerudi. Ilikuwa Jumapili mchana, naosha chupa. Niliinua kichwa nikamwona mume wangu amesimama getini na sanduku moja na mfuko wa machungwa. Nikasema, "Umerudi." Akasema, "Nimerudi." Nikamwambia afute viatu. Miaka kumi na saba Uhispania, dada, na baada ya zile Pasaka za mwanzo hakukanyaga tena hapa. Nilidhani siku hiyo ikifika nitapiga kelele, au nitaanguka, au nitamrushia kitu. Nilimpakulia supu. Akauliza chumvi inakaa wapi. Nikamwonyesha, kama ninavyomwonyesha fundi wa bomba.

Basi ndiyo hayo. Nikimaliza hiki nitaanza kile chako kinene cha mfamasia aliyeuawa, nami nitakurudishia nikishakisoma.

Mdogo wako,
Zamfira


Cluj, 10 Oktoba 2014

Mdogo wangu Zamfira,

Salamu tele, na hilo goti lipake siki ya tufaha, nimekuambia mara ngapi. Sisi huku tuko salama, mafua tu yanazunguka kutoka kwa mtoto huyu hadi yule kama sahani ya mezani.

Wewe mwanamke! Pilipili umeziandikia maneno yote hayo, binti wa posta naye kapata sehemu yake, halafu "jingine, Toader amerudi," kama mtu anayesema jana kulinyesha! Nilisoma nimesimama jikoni, nikaunguza vitunguu. Corina akaja mbio, "Mama, kuna nini?" Nikasema, "Hamna." Hebu niambie vizuri. Amenenepa? Ana upara? Amekukumbatia? Umelia? Analala wapi? Ningekupigia simu lakini unaijua hali ya hapa. Nikisema "alo" tu, watu wanne wananyamaza wanisikilize. Heri karatasi.

Mimi ndiyo hivyo. Kitanda changu bado ni kochi la sebuleni. Mkwe wangu Razvan hutazama mpira, nami nimekaa pembeni na kitabu nikingoja mechi iishe nipate kulala. Kumbe mpira una dakika za nyongeza, Zamfira! Hakuna aliyewahi kuniambia. Ni kijana mzuri, simsemi. Huniuliza, "Mama, sauti inakusumbua?" Namjibu, "Hata kidogo, mwanangu." Nikikaa naye hivyo, siku zinapita.

Na kuhusu penseli yangu: mimi mwisho ndio unaoniambia kama nianze. Maisha hayatupi ruhusa hiyo, basi niache nifaidi kwenye vitabu.

Labda ni heri, mdogo wangu. Wangapi hapo Siret wamengoja wakaletewa jeneza? Wako kaja kwa miguu yake. Mpe muda, na wewe ujipe.

Dada yako,
Leontina


Siret, 16 Novemba 2014

Dada Leontina,

Nakusalimu, na natumaini mafua yamechoka kuzunguka. Mimi nipo. Theluji ya kwanza ilianguka Alhamisi ikayeyuka siku hiyohiyo.

Uliuliza, nakujibu. Amekonda. Nywele anazo, nyeupe. Hakunikumbatia wala sikumkumbatia, tulipokezana ule mfuko wa machungwa. Yeye analala chumba kikubwa, mimi jikoni kwenye benchi karibu na jiko la vigae. Nilimwambia ni kwa ajili ya goti, linataka joto. Kazi anafanya, siwezi kusema hafanyi. Ameziba bati la banda la kuku, amenyoosha geti. Jioni hukaa kwenye kiti changu, kile kilicho kati ya jiko na dirisha, maana hajui kwamba ni changu. Mimi husomea mezani. Taa iko mbali, nimepunguza kurasa.

Jumanne tulikuwa tunakula. Akaweka kijiko chini.

"Zamfira, huko nilikuwa na mtu."

Nikasema, "Kula, supu inapoa."

"Aliitwa Remedios. Tulifanya kazi pamoja kwenye nyanya, kwenye yale mashamba ya kufunikwa plastiki. Tuliishi pamoja miaka mingi. Amekufa mwezi wa nne."

"Pole," nikasema.

Ndivyo nilivyomwambia, dada, kama unavyomwambia mtu uliyekutana naye kwenye foleni ya duka la dawa. Akaniangalia, akaniangalia. Akasema, "Watoto wake waliniambia nitoke, nyumba ni yao." Halafu akachukua kijiko akala. Na mimi nikala. Nikaosha vyombo, nikafungua kitabu cha mfamasia, nikasoma sura nzima na nikaielewa.

Unakumbuka nilipong'olewa jino kule Suceava, ukanishika mkono njia nzima kurudi? Shavu likiwa na ganzi unajua kwamba liko. Unaligusa kwa kidole. Ukiling'ata halikuambii kitu. Ndivyo nilivyo. Sikuandikii ili unihurumie, nakuandikia kwa kuwa uliuliza.

Nadhani mfamasia aliuawa na dada yake. Usiniambie.

Mdogo wako,
Zamfira


Cluj, 24 Novemba 2014

Zamfira,

Salamu baadaye. Barua yako nimeisomea bafuni, ndipo pekee penye kitasa hapa ndani. Mikono inanitetemeka kwa niaba yako, maana yako haitaki kutetemeka.

"Pole"! Umemwambia "pole"! Mtu anakutupa, unazeeka peke yako na majirani wanahesabu Pasaka kwa niaba yako, halafu anarudi na kilio cha mwanamke mwingine, anakiweka mezani kwako katikati ya mkate na chumvi, na wewe unakipakulia supu! Chukua lile sanduku lake, liweke nje ya hilo geti alilolinyoosha. Mwambie, "Bwana wee, matanga si hapa." Ningekuwapo ningemtoa kwa ufagio, na mtaa mzima ungekuja na viti kutazama.

Na kama huwezi kumtoa, toka wewe. Ufunguo wa nyumba yangu si unao? Ni mtaa uleule. Kuni zimo bandani, blanketi zimo kwenye kasha, taa ya kusomea iko palepale kichwani mwa kitanda. Hamia hata leo. Sitaki shukrani wala chochote. Nyumba isiyo na mtu hufa, wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo tulipomzika mama yangu.

Usinijibu habari za mfamasia. Nijibu hili.

(Ndiyo, ni dada yake.)

Leontina wako mwenye hasira


Siret, 22 Desemba 2014

Dada Leontina,

Heri ya Krismasi kwako na kwa wote waliomo humo ndani, na Mungu awape afya. Mimi nina afya. Asante kwa kuniharibia mfamasia.

Juzi kwa jirani walichinja nguruwe, Toader akaenda kusaidia kushika miguu. Wametupa nyama ya paja na mafuta. Nimekunja nyama kwenye majani ya kabichi, sufuria mbili. Kabichi mwaka huu imechacha vizuri, si chumvi nyingi si kidogo.

Habari ya kuhamia kwako nimeisikia. Sijui. Nadhani ili mtu ahame anahitaji kuwa na hasira au furaha, na mimi nimejipapasa, sina hata kimoja. Nilikwenda kwako Ijumaa kuwasha jiko mabomba yasigande. Nikakaa kwenye ncha ya kitanda kungoja moto ushike, na kitabu ulichonitumia kilikuwa mkobani, kile cha ile familia ya wauza saa. Nikafungua. Nilipoinua kichwa jiko lilikuwa limepoa na dirisha limekuwa la kijivu. Sijasoma hivyo tangu Septemba.

Niliporudi Toader aliuliza, "Ulikuwa wapi?" Nikasema, "Mabomba." Alikuwa amekaa anapasua kokwa za jozi za kuweka kwenye mikate ya sikukuu, machozi yanamtoka yanadondokea bakulini, wala hayafuti. Nikasogeza bakuli. Nikasimama pale nikimtazama kama ninavyotazama mvua ya mtaa wa pili.

Familia ya wauza saa ina watu wengi mno. Nimeanza kuwachanganya mashangazi.

Mdogo wako,
Zamfira


Cluj, 18 Januari 2015

Mdogo wangu Zamfira,

Mwaka mpya mwema. Hujambo? Mbona kimya? Nimehesabu kwamba posta ilifungwa sikukuu, nikakusamehe wiki mbili. Sasa siku za msamaha zimekwisha.

Huku theluji imefika kwenye magari. Wajukuu wamekaa ndani, mimi nao, tunachora farasi. Nimechora farasi wengi kiasi kwamba naota wananitazama. Corina na Razvan wanapenda kuongea chumbani mlango umefungwa, nikipita wanaongea habari ya hali ya hewa. Sijui nini. Watoto wanakua, nafasi ni ndogo, hayo nayaona bila kuambiwa.

Nimeanza ile riwaya ya daktari wa kijijini na mke wake mrefu. Ukimaliza kurasa hamsini za kwanza utacheka. Mimi nilicheka, Razvan akapunguza sauti ya televisheni akaniangalia kama aliyesikia paka akiongea.

Niandikie hata mistari mitatu. Umelala wapi?

Dada yako,
Leontina


Cluj, 20 Februari 2015

Zamfira,

Natumaini u mzima. Hujajibu, na mimi nina neno la kukuambia ambalo nimelibeba siku kadhaa.

Wanataka kununua nyumba kubwa zaidi, vyumba vinne, na mimi nitapata changu chenye mlango. Ndilo walilokuwa wakiliongea. Ili waweze, inabidi nyumba yangu ya Siret iuzwe. Corina aliniambia taratibu, amenishika mkono. "Mama, imekaa tu. Hutarudi tena kule, si kweli?" Nikasema sawa tu. Haikuuma. Nilidhani itauma. Nilikwenda kuwavua watoto viatu.

Nami ndiye niliyekuambia uhamie! Nimekupa kwa mdomo kitu ambacho sasa nakichukua kwa mkono. Sijui unalala wapi, na naona haya kukuuliza.

Sisomi. Nafungua kitabu, natazama ukurasa wa mwisho, nafunga.

Leontina


Siret, 5 Machi 2015

Dada Leontina,

Salamu. Barua zako zote mbili nimezipata. Ya pili nimeisomea kitandani kwako, chini ya taa yako. Kaa vizuri nikueleze.

Ilikuwa wiki ile ya kabla ya kuaga nyama kwa ajili ya Kwaresima. Nilikuwa jikoni, Toader akaja akasimama nyuma yangu.

"Zamfira, nataka kukuomba jambo. Ukikataa sitasema neno."

"Sema."

"Jumamosi ni ya Marehemu. Nataka atajwe kanisani. Tangu afe hajatajwa popote ninapopajua mimi." Akatazama sufuria. "Sijui kupika koliva, ngano ya marehemu."

Nikamwuliza, "Kilo moja ya ngano itatosha?"

Najua sasa hivi umesimama. Kaa. Nilinunua ngano mimi mwenyewe. Ijumaa asubuhi niliiosha kwa maji tisa, kama mama zetu walivyotufundisha, nikaichemsha kwa moto mdogo, nikaisimamia na mwiko mpaka ilipolainika. Nikasaga jozi, nikapaka sukari juu, nikaisawazisha kwa kisu, nikachora msalaba kwa kakao. Niliipamba vizuri. Mimi kupika vibaya kwa makusudi siwezi.

Kanisani tulitangulia mapema kutoa jina. Padri akasoma karatasi, akasita, akanitazama juu ya miwani. "Remedios. Alikuwa wa kanisa letu huyu?" Nikasema, "Alikuwa amekufa, padri." Hakuniuliza tena. Bibi Eufrosina wa kwenye kona, unamjua, shingo yake ilirefuka toka mwanzo wa safu. "Nani huyo, Zamfira?" Nikamwambia, "Ni wa Toader." Akafanya ishara ya msalaba mara mbili.

Ilipofika wakati wa kuinua sahani, yeye akashika upande huu, mimi upande ule, tukawa tunaipandisha na kuishusha huku watu wakiimba. Mikono yake ilitetemeka, niliisikia kupitia kwenye sahani. Yangu ilikuwa imetulia. Nikawaza, huyu analia mtu wake. Mimi wangu nilimlia lini? Na nikakumbuka, dada. Nilimlia zamani. Mwaka wa tano, wa sita, kidogo kidogo, nikikoroga hiki, nikianika kile, mpaka akaisha. Hakuna aliyempikia koliva, maana alikuwa hai anachuma nyanya.

Tukarudi nyumbani. Nikaosha sufuria, ilikuwa imeshika chini. Nikachukua mto wangu, miwani, nguo za ndani na vitabu, nikatia kwenye mfuko wa sokoni. Alikuwa kwenye kiti.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kusoma."

"Utarudi saa ngapi?"

"Supu iko kwenye sufuria ya bluu," nikasema.

Sikubamiza mlango. Hakuna kilichovunjika. Kutoka getini kwangu hadi kwako nilikutana na mbwa wa fundi viatu tu. Nimekuwa hapa tangu siku hiyo.

Sasa habari ya kuuza. Corina ni binti yangu mbele ya Mungu, nilimshika mimi majini, nampenda. Lakini usiuze. Sisemi kwa ajili yangu, mimi nyumba ninayo, ingawa ina mtu. Nasema kwa ajili ya lile neno lako, "sawa tu, haikuuma." Hilo nalijua. Ndilo ninalolisema mimi kila siku. Wewe ulikuwa unapiga kelele za watu wawili, dada, zako na zangu. Usilianze hilo neno. Ukishalizoea halitoki.

Nimesema. Riwaya ya daktari tuma ukiweza.

Mdogo wako,
Zamfira


Cluj, 25 Machi 2015

Mdogo wangu,

Salamu za Kwaresima. Tuko wazima.

Nimelia, nimecheka kwa ajili ya Eufrosina, nimelia tena. Kisha nikakunja barua nikaenda kupika viazi. Zamfira, mimi si wewe. Nilikuambia umtoe mume nje ya geti, maneno yalinitoka kama maji, kwa kuwa mume si wangu. Sasa ni binti yangu. Ananiuliza, "Mama, una wasiwasi wowote?" na ulimi unanata juu. Ana duara nyeusi chini ya macho. Kila siku ananionyesha picha ya chumba changu kipya kwenye simu. Kina dirisha. Kinatazama ukuta, lakini ni dirisha.

Kuna mtu na mkewe kutoka Suceava, watakuja kutazama nyumba baada ya Pasaka. Corina anaomba uwafungulie. Alitaka kukupigia mwenyewe, nikamwambia niachie. Kwa hiyo naomba mimi. Toa vitu vyako kwenye meza, fungua mapazia. Wakiuliza, wajibu.

Najua ninachokuomba. Usinijibu kama ni vigumu. Wafungulie tu.

Kitabu cha daktari nakituma na barua hii. Sikuandika kitu pembeni.

Dada yako,
Leontina


Siret, 3 Mei 2015

Dada Leontina,

Kristo amefufuka. Hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Mimi mzima.

Walikuja Jumanne. Vijana, wana heshima. Nilikuwa nimefagia, nimefuta vioo, nimekunja blanketi. Mke aligonga kuta kwa kidole, mume alichungulia darini. Wanataka kukata mjozi waegeshe gari. Wakauliza kama mabomba huganda. Nikasema huganda, kwa sababu huganda. Wakauliza majirani wakoje. Nikasema wana shingo ndefu. Wakacheka.

Mke akaniuliza, "Na wewe mama, ni mpangaji?"

"Hapana. Ni rafiki wa mwenye nyumba."

"Utaondoka lini?"

"Mwenye nyumba akiniambia."

Wakatazamana. Walisema watampigia Corina. Sikuwaharibia, dada, na sikuwapamba. Nimefanya ulivyoniomba.

Toader analeta kuni. Kila Jumatatu nazikuta zimepangwa kando ya geti, ndogo kwa kubwa. Juzi nilimkuta hapohapo. Amejifunza kupika viazi, amesema. "Naweza kuingia?" Nikasema, "Hapana, Toader. Lakini asante kwa kuni." Akavua kofia, akaenda. Hatuna ugomvi. Ningependa kukuambia kwamba nilimhurumia, au kwamba nilifurahi.

Ila kuna hili. Ile familia ya wauza saa nimeimaliza, wiki jana. Karibu na mwisho wanahama mji, magari mawili, watoto, masanduku, kelele, na wanamsahau yule shangazi mkubwa kituoni. Si kwa ubaya. Kila gari linadhani yuko kwenye lile jingine. Yeye anakaa kwenye benchi, anamenya yai la kuchemsha, anakula, anakung'uta maganda kwenye leso asichafue kituo cha watu. Basi. Hakuna zaidi. Nikaona ukurasa umelowa. Kwanza nilidhani ni dari yako inavuja, nikatazama juu. Kisha nikajua. Nililia kwa ajili ya shangazi wa kwenye karatasi mpaka kifua kikauma, na baadaye nikawa na njaa kama mtu aliyelima.

Siku iliyofuata nilikuwa kama zamani. Lakini nimekuambia kwa sababu ni wewe.

Kuhusu nyumba siombi tena. Nilikwisha kuomba. Kesho nitafagia uani kama kawaida.

Mdogo wako,
Zamfira


Cluj, 21 Mei 2015

Mdogo wangu Zamfira,

Nakusalimu. Wote ni wazima, naanza na hilo.

Wale wa Suceava walipiga simu, wanaitaka. Razvan akaleta keki. Tumekaa mezani, Corina akasema, "Basi Jumatatu tunakwenda kwa wakili kutia sahihi, Mama." Nikasema, "Hapana, Corina." Akasema, "Jumatatu huwezi?" Nikasema, "Nyumba siuzi." Nilijisikia nikisema, kama sauti inatoka chumba cha pili. Sikueleza sababu, na kama wangeniuliza nisingeijua. Corina akalia. Nilimpa leso, nikakata keki, kila mtu kipande chake. Wakala. Mimi pia nilikula. Ilikuwa na malimau.

Sitakudanganya kwamba nina furaha. Sihisi chochote bado. Naona mambo kwa mbali, kama kwenye dirisha la treni. Corina hajasema nami tangu siku ile, lakini jana nilikuta amenikunjia nguo zangu zote, vizuri kuliko nilivyoweza mwenyewe, na amenishonea kifungo cha koti. Watoto wanaingia chekechea. Watanisahau kidogo, halafu watakuja likizo.

Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo, nakuja kukaa. Treni inatoka asubuhi, Suceava nitapanda basi. Usije kituoni, goti lako na yale mawe haviendani. Usihame kitandani wala usianze kupika vya sherehe. Benchi la jikoni linanitosha, nimelala kwenye kochi miaka minne.

Kitabu ulichonacho usikipeleke posta.

Nikifika mlangoni usiniulize Corina alisema nini. Sitaweza. Niulize kama basi lilijaa. Mimi nitakuuliza umepika nini. Tuendelee hivyo hivyo mpaka tutakapoweza.

Dada yako,
Leontina